Mjomba Hayumo

Siku hizi nikiandika neno "familia" kwenye simu yangu, nikiwa hapa hapa Morogoro, zinanijia picha za watu tunaofanana nao: baba, mama na watoto, wote wameshonewa kitenge kimoja, wamejipanga mbele ya geti jipya, na mdogo kuliko wote analia. Nikimpigia binti yangu anayesoma Uturuki nikamwambia aandike neno la familia kwa lugha ya huko, yeye anapata watu wengine kabisa, wamezunguka meza ndefu yenye samaki. Tunacheka. Yeye anasema ni mambo ya mitambo, inajua mtu yuko wapi na anaongea lugha gani. Mimi ninabadilisha mazungumzo, maana jambo hilo hilo nusura linikoseshe mume.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mji wetu ulikuwa umezoea kuwa mji wa viwanda. Ukimuuliza mtu kazi yake alikutajia bidhaa: yupo kwenye viatu, yupo kwenye ngozi, yupo kwenye maturubai. Kisha likaja soko huria, mitumba ikajaa kila kona, na viwanda vikaanza kubinafsishwa na kupunguza watu, kimoja baada ya kingine. Mtu aliyekuwa kwenye viatu akawa kwenye "biashara zake". Neno hilo lilikuwa na heshima na lilikuwa pana, na hakuna aliyekosa adabu kiasi cha kuuliza ni biashara gani.

Wakati huo huo kila chumba kilichotazama barabara kiligeuka kuwa kitu: saluni, duka la dawa, kibanda cha video, chekechea ya binafsi. Mimi niliajiriwa kwenye duka la steshenari karibu na soko kuu. Tajiri wangu, Mwarabu mzaliwa wa hapa hapa aliyeongea Kiluguru kuliko mimi, alikuwa ameweka kompyuta nne zilizotoka Dubai zikiwa zimekwisha kutumiwa na watu mpaka herufi kwenye vitufe zimefutika. Juu ya mlango akaandikisha "Intaneti" kwa rangi nyekundu. Alinichukua kwa sababu nilikuwa na cheti cha kompyuta cha miezi mitatu, cheti kikubwa kuliko kile cha kidato cha nne, chenye muhuri wa rangi ya dhahabu. Mimi mwenyewe nilikiamini sana cheti hicho.

Intaneti yenyewe ilikuja kwa waya wa simu. Picha ilishuka polepole kutoka juu kama pazia linaloteremshwa: kwanza nywele, halafu paji la uso, halafu macho, na kabla haijafika mdomoni mtu alikuwa amekwenda kunywa chai na kurudi. Wateja walisimama nyuma yangu wakibahatisha kitakachotokea. Tajiri alidai kwamba anaweza kumtambua mtu kwa nywele peke yake. Siku moja akatutangazia kwamba anayekuja ni rais wa nchi fulani, kumbe ni tangazo la sabuni.

Mwalimu mmoja, mama wa Mbeya aliyekuwa amefungua chekechea Mwembesongo, akaniagiza chati za ukutani. Zile za kuchora kwa mkono hakuzitaka tena. Alitaka picha za kisasa, za kutoka kwenye kompyuta, bila maandishi yoyote kwa kuwa watoto wake hawajajua kusoma. Nikaanza na matunda. Nilipoandika neno hilo kwa Kiingereza nililetewa matufaha, zabibu, na kitu cha kijani chenye manyoya ambacho mimi na tajiri hatukukijua. Nilipoliandika kwa Kiswahili nililetewa picha mbili tu, zote za kwaya, zikihusu matunda ya Roho. Na hapo nje ya dirisha akina mama wa kijiji cha Kinole walikuwa wamepanga ndizi, mananasi na machungwa mpaka hakuna pa kukanyaga, wala hakuna hata moja lililokuwa limefika kwenye mashine. Watoto wa Mwembesongo wakajifunza kitu cha kijani chenye manyoya. Mwalimu alikiita tunda la Ulaya.

Chati ya pili ilikuwa ya familia. Nikaandika kwa Kiswahili, kumbe neno hilo ni la Kihispania pia, likashuka kanisa kubwa sana la Hispania ambalo halijamalizwa kujengwa, na nyuma yake Wahispania wenyewe, babu na wajukuu, wakipeana mikate. Nikaandika ukoo, mashine ikaniuliza kama nina hakika. Nikarudi kwenye Kiingereza nikaongeza neno la Afrika, wakaja tembo: jike, watoto wake, dada zake na watoto wa dada zake, wanavuka barabara. Tajiri akasema hao ni jirani zetu wa Mikumi, na kwamba nao wanafuata ukoo wa mama kama Waluguru. Baada ya tembo akaja mama mmoja mwenye nzi usoni, amepakata mtoto aliyekonda, nikafunga haraka.

Kulikuwa na mhadhiri wa chuoni, mteja wetu, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Japani. Akatuambia kwamba kule neno la familia kwa lugha yao linaleta watu waliopiga magoti kuzunguka meza fupi. "Kila mtu anaonyeshwa wale walioko karibu na mashine," alisema, akachukua karatasi zake akaondoka. Nilimwona kama mtu anayependa kukuza mambo.

Basi nikaandika neno la Kiingereza tupu, bila Afrika, bila ukoo. Ikashuka familia nzuri kuliko zote. Baba na mama, Wazungu, wamekaa kwenye kochi jeupe, mvulana na msichana kati yao, wote wana meno mazuri, na mbwa wa rangi ya asali kakaa kwenye kochi hilo hilo kama mtu aliyealikwa. Nikaichapa kubwa, nikaibandika dirishani ili wino ukauke na watu waone kazi yangu. Mama yangu alipita akaitazama. Alichoona yeye ni mbwa tu. "Juu ya kochi," alisema, akaendelea na safari yake ya sokoni.

Hapa inabidi nieleze kidogo kuhusu mjomba, kwa ajili ya wasomaji wa mikoa mingine. Kwetu Uluguruni mtoto ni wa ukoo wa mama. Shamba ni la ukoo wa mama, na mwenye kauli juu ya watoto wa mwanamke ni kaka yake. Baba yangu ni Mnyamwezi wa Tabora, na alikuwa amekwisha kukubali zamani kwamba katika nyumba yake yeye ni mgeni anayeheshimiwa. Kwa kuwa Wanyamwezi na Waluguru ni watani, alilipiza kwa utani. Akitaka chumvi mezani alisema, "Niombeeni ruhusa kwa mjomba wenu."

Mjomba ndiye aliyenisomesha sekondari, kwa mshahara wa kiwanda cha viatu, ambako alikuwa msimamizi wa zamu. Kiwanda kilipompunguza naye akaingia kwenye biashara zake. Karibu kila siku alitoka kwake Mwembesongo kuelekea Msamvu, amebeba mfuko mweusi wa ngozi aliopewa kiwandani wakati wa kuagwa. Mfuko huo hakuruhusu mtu ampokee, hata sisi wapwa zake tuliofundishwa kumpokea mkubwa mzigo. Nyumbani tuliamini kwamba ndani yake mna sampuli.

Mchana mmoja akapita dukani. Nikamwamkia, akaitikia, macho yakiwa dirishani. Aliitazama ile chati kwa muda mrefu, kama anayekagua viatu kabla havijafungwa kwenye maboksi.

"Hii nini, mpwa wangu?"

"Familia, mjomba. Ni ya shule."

Akahesabu kwa kidole. "Baba. Mama. Watoto wawili. Mbwa." Akahesabu tena kuanzia upande wa pili. "Mjomba yuko wapi?"

"Hayumo."

Ningeweza kusema kwamba amekwenda dukani, au kwamba ndiye aliyepiga picha. Ningeweza kusema chochote. Lakini nilikuwa na wateja wawili wanasubiri na printa imekwama karatasi, nikasema hayumo, kwa sauti ile ile ninayotumia kumwambia mtu kwamba wino umekwisha.

"Mbwa yumo," alisema mjomba, akaenda zake.

Kwa bahati mbaya ilikuwa wiki ile ile. Mchumba wangu, mwalimu wa sekondari kutoka Kilosa, alikuwa ameleta barua ya posa kwa mkono wa mshenga, imefungwa katika kitambaa cheupe. Baba aliipokea akaiweka juu ya kabati la vyombo, kwa sababu kuifungua si kazi yake. Ilikuwa ifunguliwe Jumapili mbele ya mjomba. Bila yeye haifunguliwi; isipofunguliwa hakuna jibu; na wakwe wakikaa bila jibu wanaanza kutazama pengine. Mchumba wangu alikuwa mtu mpole, mwenye kusubiri. Mama yake hakuwa hivyo, na nilikuwa nimekwisha kusikia kwamba kuna binti wa jirani yao ambaye anajua kupika na hashindi kwenye kompyuta.

Ijumaa mjomba akatuma ujumbe kwa mama. Kwa kuwa yeye hayumo kwenye familia, kikao cha familia hakimhusu. Barua anaweza kuifungua mbwa.

Mama hakunifokea. Kila nilipopita alinitazama tu na kutikisa kichwa, na chai yangu ikaanza kumiminwa nusu kikombe. Baba alifurahi siku nzima. "Shemeji amepunguzwa mara ya pili," alisema. "Kwanza kiwanda, sasa kompyuta." Akacheka, kisha akaona anacheka peke yake, akaenda kumwagilia mchicha.

Kesho yake nikaenda kwa mjomba kuomba radhi. Nilimkuta amekaa uani na kopo la rangi ya viatu, vidole vyeusi, na ule mfuko wake ameukalia. Nikapiga magoti pale pale kwenye vumbi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?"

Nikamwambia nimekosa, anitoze faini. Nilitegemea ataniambia jogoo, kama ilivyo kawaida, na jogoo nilikuwa nimemwona tayari kwa jirani. Mjomba akafunika kopo lake taratibu.

"Jogoo nitamfanyia nini? Faini yangu ni kuingizwa. Nitafute humo kwenye mashine yako. Haiwezekani dunia nzima ikawa haina mjomba. Ukimpata, ukamweka pale kwenye picha, nitakuja kufungua barua."

Jumapili tukaiahirisha, tukasingizia homa ya mama, na mama akalazimika kujifunika khanga mpaka mshenga alipoondoka. Jumatatu mjomba akaja dukani, akakaa kwenye kiti cha wateja na mfuko wake magotini. Tajiri akasema kwa jambo la posa hatatuhesabia dakika. Nikaandika mjomba, kwa Kiswahili. Duniani kote kulikuwa na picha tatu: lori lililoandikwa neno hilo nyuma, kibao cha baa moja ya Ujerumani, na mbwa wa mtu.

Mjomba akavua miwani. "Tena mbwa," alisema.

Nikajaribu kwa Kiingereza. Wakaja wanaume wengi wanaocheka na glasi mikononi, na hakuna hata mmoja aliyeonekana kuwa amewahi kuulizwa jambo. Nikamweleza mjomba kwamba Kiingereza kina neno moja tu kwa mjomba, baba mkubwa na baba mdogo, na kwamba mtu huyo, kwa ninavyoona kwenye picha, huja sikukuu na kuondoka. Mjomba akawasikitikia kwa dhati. "Wamewachanganya wote," alisema. "Sasa likitokea jambo wanamwendea nani?" Tajiri, kwa nia ya kusaidia, akasema tuwarudie tembo, wale angalau wana ukoo unaoeleweka. Mjomba aliwatazama tembo vizuri, akauliza yule kaka yao yuko wapi. Tajiri akasema tembo dume akishakua huondoka akaishi peke yake porini. Mjomba akaomba tufunge.

Ndipo nikasema kama dunia haina mjomba, nitaipelekea mimi. Baba akamwazima suti yake ya kaki, ya mikono mifupi na mifuko minne, ile waliyokuwa wakivaa maofisa zamani, na tukaenda studio. Ndani kulikuwa na pazia kubwa lililochorwa milima yenye theluji na ziwa la bluu. Mjomba akalikataa. Alisema ukitoka mlangoni tu ipo milima ya Uluguru, milima ambayo ukoo wake unaijua kwa jina, haiwezekani asimame mbele ya milima ya kitambaa. Mpiga picha akanung'unika, akatoa kamera nje. Siku hiyo mawingu yalikuwa yameshuka mpaka chini kabisa, kwa hiyo picha ina mjomba, na nyuma yake weupe mtupu. Alisimama miguu sambamba, mikono nyuma, kidevu juu, macho mbele. Mpiga picha akamwambia alegee kidogo. Hakulegea. Mimi nilidhani ni heshima kwa kamera.

Nikaiingiza ile picha kwenye kompyuta kwa skana, nikamkata mjomba kwa kipanya kuzunguka masikio na viwiko, kazi ya mchana mzima, nikambandika kwenye familia ya kochi jeupe. Pa kumweka palikuwa mahali pamoja tu, nyuma ya kochi, upande wa mlango. Kwenye kipimo nilikosea, akatokea mkubwa kuliko wote, na sikumpunguza, kwa sababu niliona ndiyo haki yake. Mama akasema kaka yake amependeza. Baba akasema sasa wale Wazungu wamepata mtu wa kumwambia mbwa ashuke. Nikaikunja chati, nikampelekea mwalimu bila maelezo yoyote, maana sikujua ningeanzia wapi, na nilikuwa na haraka ya kuolewa.

Mjomba akakubali Jumapili iliyofuata, ila alitaka kwanza aone picha ilivyotundikwa. Alhamisi, kwa kuwa biashara zake siku hiyo zilikuwa za mchana, tukaenda pamoja asubuhi, yeye mbele na mfuko wake, mimi nyuma. Chekechea ilikuwa chumba kimoja chenye watoto kama thelathini kwenye mikeka. Mwalimu alifurahi kupata wageni. Akachukua fimbo yake ndefu ili atuonyeshe watoto walivyoiva.

"Huyu nani?"

"Baba," wakajibu wote.

"Na huyu?"

"Mama."

Wakamtaja kaka, wakamtaja dada, wakamtaja mbwa kwa sauti ya juu kuliko wote. Kisha fimbo ikapanda nyuma ya kochi, ikagusa suti ya kaki.

"Na huyu?"

"Mlinzi," walijibu watoto, na walijibu vizuri, bila kusitasita, kwa sababu mtu huyo walikuwa wamemwona kwenye mageti mengi.

Mwalimu akatabasamu. Yeye ndiye aliyewafundisha, na kusema kweli hakuwa na kosa. Kwao Mbeya hakuna anayetegemea kumwona mjomba kwenye picha ya familia. Alichoona yeye ni mtu mweusi mwenye kaki, kasimama wima karibu na mlango, nyuma ya Wazungu waliokaa. Mimi niliyemkata na kumbandika sikuliona hilo, kwa kuwa nilikuwa namtazama mjomba wangu.

Nikafungua mdomo. Mjomba akanishika mkono.

"Wana akili watoto wako, mwalimu," alisema. Watoto wakasimama wakamwamkia kwa pamoja, akaitikia marahaba moja kwa wote, tukatoka.

Tulitembea mpaka karibu na mto. Mimi nilikuwa nalia na kusema mambo yasiyo na mpangilio, kwamba nitaichana, nitarudi kumwambia mwalimu, nitawafundisha watoto wale mimi mwenyewe. Mjomba akatafuta jiwe, akalipangusa, akakaa. Kisha akafungua ule mfuko mweusi mbele yangu. Ndani mlikuwa na buti nyeusi zilizopigwa rangi mpaka zinang'aa, kirungu kifupi, na shati la kaki lililokunjwa vizuri, lenye beji ya kampuni ya ulinzi kwenye bega.

"Nalinda nyumba kule mtaa wa Forest," alisema. "Mwaka wa tatu huu. Ni Wazungu. Baba, mama, na watoto wawili, wa kike na wa kiume." Akanitazama. "Umekosea kitu kimoja tu. Mbwa wapo wawili."

Sikujua kama nicheke. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba buti alizivaa Msamvu, kwenye choo cha stendi, na alizivua huko huko kabla ya kurudi. Alijua kwamba siku ya barua upande wa pili watauliza, kama inavyoulizwa siku zote, mjomba wa binti anafanya kazi gani, na kwa miaka mingi alikuwa na jibu zuri la swali hilo. Tangu aliposikia kwamba naposwa alikuwa anatafuta sababu ya kutokuja. Sababu hiyo akaikuta dirishani kwangu.

"Sikuikasirikia picha," alisema. "Niliishukuru. Baadaye nikaanza kufikiri kwamba kweli simo, na hapo ikaniuma kuliko nilivyopanga."

Nilimpenda sana mjomba wakati ule, na nilijionea aibu. Haikuwa aibu ya kazi yake. Kwa miaka mitatu nilikuwa nauona mfuko ule unapita, na kwa muda wote huo nilijisifu kwamba naweza kumtafutia mtu kitu chochote duniani kwa lugha mbili, lakini mtu aliyenisomesha sikuwahi kumuuliza anakwenda wapi. Nikamwambia hivyo hivyo. Akasema ningeuliza ningekuwa nimekosa adabu. Kisha akafunga mfuko, akaelekea Msamvu kama kawaida yake, na hakuniambia kama Jumapili atakuja.

Ijumaa nikaifumua chati. Nikaondoa kochi na wote waliokaa juu yake, nikaomba albamu ya mama. Kila mtu akaingia na mwaka wake: baba ana nywele nyingi na suruali pana chini, mama yuko siku ya Idi, mimi niko kidato cha pili nimenuna, na bibi yetu wa Kinole ameshika jembe kwa sababu alikataa kuliweka chini. Mjomba nilimwacha alivyo, mikono nyuma, kidevu juu, ila nikamhamishia katikati. Mbwa nilimbakiza kwa kuwa mwalimu alisema watoto watamlilia, lakini nilimlaza chini, na mama akaridhika. Safari hii nilikaa na mwalimu nikamweleza yote kuhusu mjomba wa Kiluguru, isipokuwa habari za mfuko. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mjomba huyo anaweza pia kulipa ada.

Jumapili wageni wakafika saa nne: mshenga, baba mdogo wa mchumba wangu, na mama mkwe mwenyewe. Wakavua viatu mlangoni, wakakaribishwa kwenye mikeka. Barua ilikuwa katikati, juu ya sinia, bado imo katika kitambaa chake. Nafasi ya mjomba, karibu na ukuta, ilikuwa tupu. Baba akaanza kutania ili kuvuta muda. Alimtania mshenga, akawatania watu wa Kilosa, akamaliza akajitania mwenyewe. Mama mkwe alitazama saa mara mbili. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la chumbani, na kwa mara ya kwanza niliogopa kweli, nikamfikiria yule binti wa jirani anayejua kupika.

Mjomba akatokea saa tano kasoro. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe na kofia. Mkononi hakuwa na mfuko. Chini ya kanzu alikuwa amevaa zile buti.

Akasimama mlangoni, akainama, akaanza kufungua kamba. Buti za ulinzi zina kamba nyingi, na yeye hakuwa na haraka, kwa hiyo kila aliyekuwa ndani alipata muda wa kutosha kuzitazama, na hakuna mtu mjini asiyejua buti zile ni za kazi gani. Alipomaliza akazipanga mbele ya viatu vyote, akaingia, akasalimia mmoja mmoja, akaketi katika nafasi yake.

"Samahani kwa kuwachelewesha," alisema. "Nimetoka lindo. Barua iko wapi?"

Mshenga akamsogezea sinia kwa mikono miwili.